Kwenda kwa tabibu wa naturopathi ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili, toka unavyojitayarisha mpaka unarudi na dawa zako

Shangazi yangu ana kikapu cha ukili, kile cha kuendea sokoni Darajani, na ndani yake mna famasi nzima: vidonge vya sukari vya hospitali, chupa ya habasoda, unga wa mlonge kwenye kopo la maziwa, uwatu, na karatasi moja ya kaki ina majani ambayo hata mwenyewe hajui jina lake, alipewa tu na muuzaji akaambiwa chemsha unywe. Siku moja alfajiri tulimkuta anatoka jasho chapachapa, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, wengine washaanza kusema mashetani hayo, kumbe sukari imeshuka mpaka 2.9. Hospitali walipouliza anatumia dawa gani akataja vidonge tu. Na yule muuzaji wa majani siku alipomuuliza kama anatumia dawa nyengine alimjibu situmii kitu. Yaani kila upande ulikuwa unamtibu mtu nusu.

Toka siku ile ndugu na majirani wananiuliza mimi mambo ya tiba mbadala, na zaidi hii naturopathi ambayo siku hizi vibao vyake vinaonekana, wengine wanaiona ni uganga uliovaa koti jeupe, wengine wanaiona ni dawa ya kila kitu. Mie si daktari, ila nimempeleka shangazi kwenye vikao vyote na nimesoma sana kwa hasira, kwa hiyo naandika kama ninavyoeleza barazani.

Hatua ya kwanza: ujue unaenda kwa nani

Hapa kwetu watu wanachanganya watu watatu. Kuna mganga wa kilinge, anayepunga pepo na kutia ubani, huyo hayumo kwenye mazungumzo ya leo. Kuna mtu wa mitishamba, anayejua mti huu na mzizi ule, mara nyingi kafunzwa na bibi yake au babu yake. Halafu kuna mtu wa naturopathi, na huyu asili yake ni mbali kabisa, Ujerumani. Karne ya 19 kulikuwa na padri anaitwa Sebastian Kneipp, kijiji cha Wörishofen, anawatibu watu kwa maji ya baridi, kutembea pekupeku kwenye majani yenye umande, chakula cha kawaida na mitishamba. Mmoja wa aliowatibu, Benedict Lust, akaenda nayo Marekani. Jina lenyewe liliundwa 1895 na John Scheel wa New York, Lust akalinunua akalitangaza mpaka likaenea.

Misingi yao ni sita na si vigumu kuikumbuka: mwili una nguvu ya kujiponya ukisaidiwa, tafuta chanzo usikimbizane na dalili tu, usidhuru, mtazame mtu mzima si kiungo kimoja, mfundishe mgonjwa, na kinga kabla ya tiba. Ukimsomea mzee wa Kizanzibari haya atakwambia mbona tunayajua, na ni kweli, kwa sababu tiba ya kiyunani, ile ya Wagiriki wa kale, iliyopita kwa tabibu Ibn Sina ikafika pwani yetu nayo ilimtazama mtu kwa tabia nne, damu, balghamu (kohozi), safura (nyongo ya manjano) na sauda (nyongo nyeusi), na mpaka leo utamsikia bibi anasema usile papai hilo ni la baridi na wewe una kifua. Njia mbalimbali lakini zinafanana sura. Kufanana sura lakini si ushahidi kwamba kila kinachosemwa ni kweli, na hilo nitalirudia mbele.

Kuhusu masomo yao kuna tofauti kubwa mno. Marekani na Kanada kuna vyuo vya miaka minne baada ya digrii, na baadhi ya majimbo yanatoa leseni. Lakini pia kuna mtu kachukua kozi ya wiki chache kwa intaneti akapewa cheti kina muhuri wa dhahabu na yeye anajiita dokta vilevile. Kwa hiyo neno naturopathi kwenye kibao peke yake halikwambii kitu.

Hatua ya pili: uangalie kama shida yako ni ya kwenda huko

Hapa usinifanyie ubishi. Kuna mambo ambayo ukichelewa saa moja umeharibu: kifua kinabana na maumivu yanashuka mkononi, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, degedege, mjamzito anatoka damu au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona giza, mtoto mchanga ana homa au hanyonyi, kuharisha maji meupe kama ya mchele, pumu imekaba, presha imepita 180 kwa 120 na kichwa au kifua kinauma. Hizo ni za hospitali, Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee, Chake, Wete, popote palipo karibu. Homa nayo kwanza kapime malaria, usianze kufukizwa mkaratusi kabla hujajua. Na uvimbe kwenye titi au kidonda kisichopona usikikalie kitako miezi sita unapaka majani, nimeona mtu kafanya hivyo na sitaki kulielezea.

Panapofaa ni kule kwenye shida za kila siku za muda mrefu ambazo hospitali dokta ana dakika tano tu za kukusikiliza: choo kigumu, kiungulia, usingizi hauji, uzito, mgongo na magoti, uchovu ambao vipimo havijaona kitu, hedhi inayouma ambayo ishachunguzwa. Na pia kusaidia kwenye sukari na presha, kusaidia nimesema, si kuchukua nafasi ya vidonge.

Hatua ya tatu: umchague kabla hujamwambia siri zako

Zanzibar kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Wizara ya Afya, na anayetibu watu anatakiwa asajiliwe. Basi muulize tu kwa adabu, "Shkamoo dokta, samahani, usajili wako naweza kuuona?" Mwenye nao anakuonesha, wengi wanautundika ukutani. Akianza kukasirika ushapata jibu lako, aga uondoke.

Muulize na haya: umesomea wapi na muda gani, ushawahi kutibu shida kama yangu, ni mambo gani huwa huyatibu na unayapeleka hospitali. Hili la mwisho ndo kubwa. Mtu mwenye elimu ana orodha ya asivyotibu. Asiyekuwa nayo, anayetibu sukari, saratani, ukimwi, kukosa mtoto na biashara kudoda kwa chupa ileile, huyo ni mfanyabiashara.

Dalili nyengine za kukimbia: anakwambia acha vidonge vya hospitali leo leo, dawa yake haina jina wala tarehe, anakataa kukwambia kilichomo kwa kuwa ni "siri ya familia". Na kuna ile mashine, wengi mnaijua, unashikishwa kijiti cha chuma kimeunganishwa na laptop, dakika moja tu inatoa kurasa kumi za majibu, ini lako hivi, figo zako vile, madini haya yamepungua. Hakuna sayansi nyuma yake jamani. Damu haikutolewa, mkojo haukutolewa, kijiti kitajuaje madini ya zinki yako? Na mara nyingi baada ya majibu unauziwa boksi la vidonge vya lishe kwa bei ya mbuzi. Kusoma magonjwa kwenye mboni ya jicho nako kumejaribiwa na kukashindwa, sizungumzii daktari wa macho anayetazama nyuma ya jicho la mwenye sukari, hiyo ni kazi nyengine na ni muhimu sana.

Hatua ya nne: utayarishe kikapu

Wiki moja kabla chukua daftari la skuli la mtoto ambalo halijaisha uandike kila unachokula na kunywa, na saa. Kila kitu. Urojo wa jioni ni chakula, kashata ni chakula, na chai ya msibani vijiko vitatu vya sukari nayo iandike. Shangazi wiki ya kwanza aliandika "wali, samaki, mboga" basi, nikamuuliza na zile juisi za ukwaju, akasema hizo si chakula hizo ni maji. Andika na usingizi, choo, na siku uliyojisikia vibaya na ulikuwa umefanya nini.

Halafu siku ya kwenda tia kwenye kikapu: dawa zako zote za hospitali na vifuko vyake, dawa zote za majani, mafuta, vidonge vya uzazi wa mpango, kadi ya kliniki, majibu ya maabara hata ya mwaka jana. Usiandike majina kichwani, beba vitu vyenyewe. Mwanamke kama hujisikii vizuri kukaa peke yako nenda na mtu wako, tabibu wa maana hawezi kukukatalia.

Hatua ya tano: kikao chenyewe

Kikao cha mwanzo ni kirefu, saa moja au moja na nusu, na kwa maoni yangu hapa ndipo naturopathi ilipo na nguvu yake hasa, kuliko hata kwenye dawa. Mtu anakaa anakusikiliza. Atakuuliza mpaka utashangaa, ulizaliwaje, ukiwa mdogo uliumwa nini, unalala saa ngapi, choo kikoje, unatoka jasho wapi, hasira, kazi, ndoa. Shangazi aliulizwa, "Bi mkubwa, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?" akanitazama mimi kwanza kama kuomba ruhusa, halafu akajibu mara nne, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia nyumbani wala kliniki. Usione haya hapo. Ukificha unajifichia mwenyewe.

Atapima presha, uzito, atatazama ulimi, ngozi, kucha, atagusa tumbo. Akiwa mzuri ataomba na vipimo vya kawaida vya maabara, au atakwambia nenda ukapime hospitali kwanza ndo urudi. Hiyo ni sifa, usimuone hajui.

Hatua ya sita: ujue atakupa nini, na wewe upime kwa akili yako

Chakula kwanza, na hapa ndo nakubaliana nao zaidi. Kwa chakula chetu hawahitaji kukuletea mbegu za kigeni za bei. Kwa mwenye sukari sahani inageuzwa tu: wali unapungua uwe robo ya sahani, mboga nusu, mtoriro, mchicha, matembele, bamia, na robo iliyobaki samaki wa kuchoma au wa kupaka, kunde, choroko. Muhogo, majimbi na shelisheli vinahesabiwa upande wa wali, msijidanganye eti vya shamba havina wanga. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai, ukiitoa hiyo peke yake kwa siku ushafanya kazi kubwa. Mwenye presha chumvi yote ya siku isipite gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai na humo mna ile ya ng'onda, ya achari na ya kile kidonge cha supu, sasa hesabu mwenyewe. Mwanamke mwenye upungufu wa damu, chai asinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, asubiri kama saa moja, ndimu juu ya mboga inasaidia.

Ila tabibu akikufutia vyakula ishirini kwa mpigo, muulize kwa nini kimoja kimoja. Mtoto au mjamzito kufungiwa chakula ni hatari.

Maji. Haya ndo ya Kneipp, miguu kwenye maji ya moto halafu ya baridi kwa zamu, kitambaa cha moto mgongoni, mvuke. Kwetu kufukiza na kuoga maji ya majani si kugeni. Inaburudisha, inalegeza misuli, inasaidia usingizi. Lakini mwenye sukari aliyekufa ganzi ya miguu asitie miguu kwenye maji ya moto, hatosikia anaungua, na mtoto asiinamishwe juu ya sufuria inayochemka.

Mitishamba sasa, tukae hapa kidogo. Majani yana dawa kweli ndani yake, na kwa sababu ni dawa kweli ndo yanaweza kudhuru, hiki ndicho kitu nnachokirudia mpaka nimechoka. Tazama karafuu yetu. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi, Pemba, kinakamua mafuta yake, na kilichomo zaidi ni eujeno, inatia ganzi, ndo maana jino likiuma unaweka karafuu na maumivu yanatulia. Mafuta hayohayo mtoto akiyanywa yanaweza kumuharibu ini. Mti mmoja, mambo mawili, tofauti ni kipimo.

Uwatu, mlonge na habasoda vinaweza kushusha sukari. Vizuri, lakini ukichanganya na vidonge vya sukari vya hospitali kama glibenklamaidi sukari inaanguka, na ndo kilichompata shangazi, tena usiku ule hakula kitu. Kitunguu saumu kingi, tangawizi nyingi, vinaweza kuongeza kutoka damu kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na anayeenda kupasuliwa amwambie daktari mapema. Urukususu, ule mzizi mtamu wa kikohozi, ukiutafuna kila siku unapandisha presha na kushusha potasiamu, nani angedhani. Mdalasini ule mgumu mnene una kumarini, kwa vijiko vingi kila siku si rafiki wa ini, kwenye pilau hauna neno. Shubiri na dawa kali za kuharisha mjamzito asiguse. Mafuta ya muarubaini mtoto mdogo asinyweshwe hata tone, kuitwa dawa ya maradhi arubaini hakuyafanyi kuwa maji. Asali mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe.

Na muulize: mmea gani, sehemu gani, majani au mzizi, kipimo gani, mara ngapi, muda gani, na lini niache. Unga wa maumivu ya magoti unaofanya kazi siku ileile kama muujiza mie naushuku, kwingi duniani zimekamatwa dawa za "asili" zimetiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa siri, na hizo ukizitumia muda mrefu mifupa, presha na sukari vyote vinaharibika.

Mikono: kuchua, kunyoosha, mazoezi. Sawa tu kwa mgongo, ila shingo isizungushwe kwa nguvu ikalia. Kuumika, ile hijama ya kutoa damu kwa vikombe, nako wengi wanakuweka humohumo ingawa asili yake nyengine. Ukifanyiwa, wembe mpya unafunguliwa mbele ya macho yako, glavu mpya, vikombe visivyotumiwa kwa mwengine, kwa sababu homa ya ini B inapita kwenye damu na haichagui mtu wa sunna.

Homeopathi, vile vidonge vidogo vitamu. Aliianzisha Samuel Hahnemann wa Ujerumani mwaka 1796. Dawa inachanganywa na maji au spiriti sehemu moja kwa mia, halafu tena, halafu tena, wakifika mara thelathini hakuna hata chembe ya dawa ya mwanzo iliyobaki, na tafiti nzuri hazikuona inapita kidonge cha bandia. Haidhuru kwa yenyewe, inadhuru ukiitegemea ukaacha ya kweli. Mie pesa yangu siitoi hapo.

Hatua ya saba: uanze taratibu

Ukirudi nyumbani na vifuko vitano usianze vyote usiku huohuo. Anza kimoja, andika tarehe, ukae nacho wiki, halafu chengine. Ukipata vipele, tumbo, au mkojo umegeuka rangi na macho yana manjano, utajua ni kipi, uache mara moja uende kituo cha afya na kifuko chako mkononi. Mwenye sukari apime mara nyingi zaidi wiki hizo. Ikiwa chini ya 4, au jasho na kutetemeka, apewe maji ya sukari au soda ya kawaida akiwa bado anameza, halafu ale, na akipoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, gari hospitali.

Vidonge vya hospitali havipunguzwi na wewe wala na mimi. Hata presha ikawa nzuri, anayepunguza ni aliyekuandikia. Ukirudi kwa tabibu baada ya wiki tatu nne, mwambie kweli. Kama hakuna kilichobadilika baada ya miezi miwili mitatu na anakuongezea vifuko tu, sema ahsante.

Hatua ya nane: umwambie daktari wa hospitali

Watu wanaogopa kusutwa. Na kweli wapo wanaofoka, shangazi kashaambiwa "hayo majani ndo yatakuua" mbele ya foleni nzima, akarudi amenuna wiki. Lakini dokta hawezi kukulinda na kitu asichokijua. Sema kwa ufupi tu, "Dokta, vidonge nnatumia kama ulivyoniandikia, na pia nnatumia hiki, kijiko kimoja asubuhi toka mwezi uliopita," halafu ukitoe kwenye kikapu ukiweke mezani. Kitu kilichopo mezani kinajadiliwa, hakifokewi sana. Shangazi sasa daktari wake anaandika uwatu na habasoda kwenye kadi kabisa, chini ya vidonge, na mlonge kamkatalia. Ile karatasi ya kaki tuliitupa.

Ndugu zangu wa Micheweni na Konde mnaolazimika kupanda boti mpaka mjini, mpigieni tabibu simu kwanza mumuulize kama vikao vya baadae vinaweza kuwa kwa simu, nauli peke yake ni dawa ya mwezi. Na kama dawa imeandikwa mara tatu kwa siku na Ramadhani inakaribia, muulize yeye na daktari wako wa vidonge, wote wawili, saa za kunywa zitahamia wapi baina ya futari na daku, na kama una sukari muulize kwanza kama unafaa kufunga. Waulize Shaabani, usisubiri mwezi uandame.